Kufunga Gati Kinyumenyume Ugiriki Mkiwa Wawili Tu: Mwongozo Kamili

Kutweka tanga mnajua, kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kupindapinda, mnajua. Mmekodi mashua Lefkada, kisiwa cha Ugiriki, wiki mbili, mchana kutwa mmeufaidi upepo baina ya visiwa vya Meganisi na Ithaca, na hakuna aliyemkosea mwenzake neno. Saa kumi na moja jioni mnaingia bandarini. Dakika tano baadaye nanga haijashika, mashua imelalia ubavu kwenye pua za mashua za watu, mume anafoka kutoka tezini, nyuma ya mashua, mke anafoka kutoka omo, mbele yake, na wateja wa mgahawa ulioko gatini wameacha samaki wao wanawatazama.

Wenzetu walioko Ulaya wanaokwenda huko kiangazi wameniuliza mara nyingi mno habari hii ya kufunga gati kinyumenyume, yaani kuirudisha mashua nyuma na kuifunga tezi ikiwa gatini, na karibu wote wanadhani kosa liko kwenye usukani. Haliko huko. Mambo huharibika mita hamsini kabla ya gati: nanga imetiwa karibu mno, kwa haraka, na hakuna aliyejua mwenzake atafanya nini. Mimi na mume wangu hiki ni kiangazi cha sita katika bahari ya Ionia, na mwaka wa kwanza tulifanya kila kosa lililotajwa hapa chini.

Maelezo haya ni ya mashua ya tanga ya mita 10 hadi 12, yenye mashine moja, watu wawili, bila msaidizi. Karatasi ziwe sawa kabla hamjasafiri: Ugiriki hukodishiwi mashua ya namna hii bila nahodha mwenye cheti, na mtu wa pili huulizwa naye kama anaujua ubaharia.

Vitu vya kuwa navyo

- Dafrao 8 au zaidi, ile mito ya mpira ya kuzuia msuguano. Tatu kila ubavu, mbili tezini.
- Kamba mbili za tezi, kila moja mita 15 hadi 20. Fupi ya hapo haitoshi kwenda gatini na kurudi.
- Mnyororo wa nanga wa mita 50 au zaidi, wenye alama za rangi kila mita 10. Alama zikiwa zimefutika, nunueni vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya mvifunge wenyewe.
- Kamba fupi yenye kulabu ya kubebea mzigo wa mnyororo.
- Pondo, ule mti mrefu, yenye kulabu mbele.
- Kamba ya akiba ya mita 10, isiyo na kazi nyingine. Umuhimu wake mtauona asubuhi ya kuondoka.
- Glavu, viatu vya kufunika vidole, na miwani ya kuogelea.
- Ubao wa kushukia.

Siku mnayokabidhiwa mashua, ulizeni swichi ya umeme ya duara la nanga, ile mashine ya kuvutia mnyororo, iko wapi. Duara likizidiwa hiyo swichi hujizima, na kwa kawaida imefichwa chini ya kitanda au nyuma ya kabati. Ulizeni pia mkono wa chuma wa kulegezea duara unawekwa wapi, maana kwa mkono huo nanga inashuka kwa uzito wake hata umeme ukiwa umekatika.

Kwa nini kinyumenyume?

Sababu ni maji. Unguja wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka kuliko siku zote, bahari hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Ionia haifiki hata nusu mita. Gati linabaki usawa ule ule usiku na mchana, kwa hiyo mashua zinapangwa kama dagaa kwenye mkebe: tezi gatini, omo baharini, nanga mbele. Nafasi iliyomezwa na mashua moja ya kulala ubavu inatosha tatu.

Hapo ndipo mtu aliyekulia pwani yetu anapojikwaa. Mkono umezoea kuacha kamba ilegee ili maji yakitoka chombo kisining'inie. Ukilegeza hapa, mashua itacheza usiku kucha na kugonga gati. Huku vitu vyote vinakazwa.

Hatua ya 1: Fikeni mapema

Upepo wa kiangazi wa Ionia, maistro, una tabia za mtumishi wa serikali. Unaingia kazini kama saa sita mchana kutoka kaskazini-magharibi, alasiri unashika kasi ya kilomita 20 hadi 38 kwa saa, na jua likizama unarudi nyumbani. Anayefika bandari za Fiskardo au Kioni saa kumi jioni anakuta upepo umechachamaa na nafasi zimekwisha.

Fikeni kabla ya saa nane mchana. Mkichelewa, kubalini kutia nanga kwenye ghuba ya jirani mlale huko. Mlaji wa pweza anaweza kusubiri kesho.

Hatua ya 2: Gawaneni kazi mkiwa bado nje

Shusheni tanga zote, washeni mashine, simameni nje ya bandari. Sasa semeni kwa maneno: nani usukani, nani nanga, nani anashuka na kamba, upande gani kwanza.

Desturi ni mume kushika usukani na mke kupelekwa omo akahangaike na mnyororo. Sisi tulibadilishana mwaka wa pili na sijutii. Usukani hautaki misuli, unataka subira. Mnyororo, duara likikwama, ndio unaotaka misuli. Ila kila nyumba ina mambo yake. La msingi ni mgawanyo uwe ule ule kila jioni, mpaka mwili ujifunze.

Kisha kubalianeni ishara za mikono, kwa sababu mtu aliye omo hamsikii aliye tezini, mashine ikinguruma na upepo ukivuma. Za kwetu ni nne:

- Kiganja kinapigapiga chini: toa mnyororo.
- Ngumi juu: simamisha.
- Kidole kinazunguka juu: vuta.
- Mikono miwili imepishana juu ya kichwa: acha yote, tunatoka.

Ishara ya nne haijadiliwi. Yeyote akiionyesha, mwenzake anatii, na maswali yanaulizwa baharini.

Hatua ya 3: Andaeni chombo chote kabla ya kuingia

Fungeni dafrao zote. Kila kamba ya tezi ifungwe ncha moja kwenye chuma chake cha ndani, ipitishwe nje chini ya uzio wa waya, kisha irudishwe juu na kukunjwa vizuri tayari. Kosa la kupitisha kamba juu ya uzio linaonekana dogo mpaka mashua ivute na kuupinda.

Mtu wa omo alegeze nanga itokeze kidogo chini ya pua, ahakikishe hakuna kilichoizuia. Kama mna kiboti cha mpira kimefungwa nyuma, kihamishieni omo au ubavuni. Kamba yake ikinaswa na rafadha, ile pangaboi ya kusukuma mashua, safari imekwisha hapo.

Kwa kuangalia tu mtajua mmemaliza: hakuna mtu mwenye haja ya kukimbilia kitu chochote kwa robo saa ijayo.

Hatua ya 4: Pita mara moja bila kufanya kitu

Ingieni polepole, mpite mbele ya nafasi mnayoitaka, mtoke. Katika kupita huko angalieni mambo matatu.

La kwanza ni upepo: bendera za majirani zinaelekea wapi? La pili ni minyororo ya wengine. Kila mnyororo unaoingia majini kutoka kwenye pua una mstari wake kuelekea nanga yake, na wenu unatakiwa uende sambamba nayo, usiikate. La tatu ni kilichoko chini ya gati. Magati mengi ya visiwani yana mawe yaliyomwagwa mguuni mwake, na ubao wa usukani ulioko majini unashuka chini zaidi ya mnavyofikiri. Mkiona mawe, pangeni kubaki mita 3 kutoka gatini badala ya 2.

Kama mwenye mgahawa amesimama gatini anawapungia mje kwake, huyo ni msaada mzuri, lakini msikubali awaharakishe. Wagiriki wenyewe wana neno lao, siga siga, nalo halina tofauti na pole pole yetu.

Hatua ya 5: Anza kurudi nyuma ukiwa mbali kuliko unavyotaka

Hapa ndipo wengi wanaponiandikia kwamba "mashua haisikii". Usukani hausikii chombo kikiwa kimesimama. Lazima maji yapite kwenye ubao wake kwanza. Na ukipiga rivasi, kabla mashua haijapata mwendo, rafadha inaivuta tezi upande mmoja. Kwenye mashua nyingi ni kushoto.

Dawa yake ni umbali. Simamisha mashua urefu wa mashua sita kutoka gatini, tezi imeelekea nafasi yako. Piga rivasi kwa nguvu kiasi, iache tezi ikimbie inakotaka, kisha mwendo ukipatikana punguza gesi. Ghafla utasikia usukani umekuwa mtiifu. Mwendo unaohitajika ni wa mtu anayetembea bila haraka.

Simama upande wa pili wa usukani, uso ukiangalia tezi. Sasa unaendesha kama gari linalokwenda mbele, huna haja ya kupinduapindua akili kuhusu kushoto na kulia. Jambo dogo hili limeokoa ndoa kadhaa.

Onyo: shika usukani kwa mikono miwili. Ukirudi nyuma kwa kasi, maji yanaweza kuupiga ubao wa usukani ukageuka wote kwa ghafla, na mkono uliowekwa baina ya spoki za gurudumu la usukani unaweza kuvunjika.

Ikiwa katika hatua hii mashua haijanyooka, toka. Hakuna nanga majini bado, kwa hiyo hujapoteza kitu.

Hatua ya 6: Tia nanga mbali

Kwa mashua ya mita 11, nanga inaangushwa tezi ikiwa urefu wa mashua nne kutoka gatini, yaani kiasi cha mita 44. Kwa macho, hapo panaonekana mbali hadi mtu anaona haya. Angusha hapo hapo.

Sababu ni pembe. Nanga inashika ikivutwa kwa ulalo, chini kwa chini. Maji yakiwa mita 6 na mnyororo wa mita 40 uko nje, mvuto unalala na nanga inachimba. Ukiwa na mita 18 tu, kila wimbi linainyanyua nanga kama mtu anayeng'oa muhogo.

Msimamizi wa usukani anatoa ishara, mashua ikiwa inarudi nyuma, siyo imesimama. Mtu wa omo anateremsha mpaka nanga iguse chini, kisha anaendelea kutoa mnyororo kwa kasi ile ile ya mashua. Kuna makosa mawili, nayo yanavuta pande tofauti:

- Ukitoa wote kwa mkupuo, unarundikana juu ya nanga na kuisokota. Haitashika.
- Ukichelewa kutoa, mnyororo unaibana omo, na tezi inayumba kwa jirani. Ukiona mashua inapinda bila sababu, tazama omo kwanza kabla ya kulaumu usukani.

Mchanga na tope ni sehemu nzuri ya kutia nanga. Pale penye kivuli cheusi chenye kuchezacheza ni majani ya bahari. Nanga inateleza juu yake, na isitoshe majani hayo yanalindwa, hayatakiwi kung'olewa.

Mita 10 za mwisho kabla ya gati, mtu wa omo abane mnyororo kidogo. Mkisikia nanga imeanza kuvuta, mashua ikajinyoosha kama kamba ya nguo, mmepatia. Msiposikia chochote, msijidanganye. Tokeni, vuteni, rudieni.

Hatua ya 7: Kamba ya upande wa upepo kwanza

Mashua ikiwa mita 2 hivi kutoka gatini, nyutro. Mtu wa omo anakuja tezini akitembea, hakimbii. Kamba ya kwanza ni ya upande unaotoka upepo. Ikishafungwa hiyo, upepo ukisukuma hauna pa kuwapeleka. Ukianza na ya upande mwingine, omo na tezi vyote vinasukumwa kwa jirani.

Kama kuna mtu gatini, mpe kamba mkononi. Mwombe aipitishe kwenye pete au kigingi na akurudishie ncha. Mwambie asivute. Watu wema hupenda kuvuta, na akivuta kwa nguvu zake zote tezi inagonga zege kabla hujasema ahsante.

Kama hakuna mtu, mmoja wenu ashuke kwa hatua, na kamba mkononi. Asiruke. Nafasi ikiwa kubwa kuliko hatua moja, msimamizi asogeze mashua tena. Na kamwe mguu usitumike kuzuia mashua isigonge. Tani saba zinazotembea hazizuiliki kwa mguu. Dafrao ndiyo kazi yake, na ikishindwa, plastiki ya mashua inatengenezeka.

Kamba ya pili ifuate. Zote mbili ziwe za kwenda na kurudi, ncha zote zikiishia ndani ya mashua, ili kesho mfungue bila mtu kushuka.

Hatua ya 8: Kaza, halafu jaribu

Rudi omo. Vuta mnyororo kwa duara, mwenzako akilegeza kamba za tezi kidogo kidogo, mpaka mashua isogee mita 2 au zaidi kutoka gatini na mnyororo uingie majini ukiwa umenyooka. Mzigo uhamishieni kwenye ile kamba yenye kulabu. Duara halikuundwa kubeba mashua usiku kucha.

Sasa jaribio ambalo wengi wanaliruka kwa sababu wana kiu. Pigeni rivasi kwa nusu ya nguvu za mashine, nusu dakika nzima. Msimamizi atazame pengo baina ya tezi na gati. Pengo lisipopungua, nanga imeshika. Likipungua polepole bila kusita, nanga inakokota, na saa nane usiku itakokota zaidi.

Sisi mwaka ule wa kwanza, katika bandari moja ya kisiwa cha Kefalonia, tuliliruka. Nanga ilikuwa mita 20 tu mbele yetu, bahari imetulia, nyota zimejaa. Usiku upepo ukateremka kutoka mlimani, kavu na wa ghafla. Nilichosikia kitandani ni sauti ya chuma cha ngazi ya kuogelea kikisaga kwenye zege, kwa mpangilio, kama mtu anayenoa kisu. Mume wangu alitoka na kikoi, akawasha mashine, tukasimama tumeipigia gia ya mbele mpaka alfajiri. Jirani yetu, mzee wa Kiholanzi, alitoka na dafrao yake moja akaifunga baina yetu na gati, akarudi kulala bila kusema neno. Ngazi tuliilipa.

Hali salama ya usiku inaonekana hivi: mnyororo umenyooka, kamba za tezi zimekazwa sawa, pengo halipungui mita 2, na feri ikipita mawimbi yake yanaitikisa mashua bila tezi kufika gatini. Ndipo ubao uwekwe na glasi zitolewe. Maji, umeme na ada ya bandari mtu atakuja mwenyewe kuwaulizia.

Hatua ya 9: Asubuhi, na nanga iliyonaswa

Washeni mashine. Fungueni kwanza kamba ya upande usio na upepo, kisha ya upande wa upepo, mkiivuta ndani yote kabla ya kutia gia. Mtu wa omo aanze kuvuta mnyororo, na mashua iufuate taratibu. Duara likusanye mnyororo tu, lisiburute mashua.

Mara nyingine nanga inapanda na mnyororo wa jirani umeipanda mgongoni. Kiangazi bandari zikijaa hili ni la kawaida, halina mkosaji. Fanyeni hivi:

1. Vuteni mpaka mnyororo wa mwenzenu uonekane karibu na uso wa maji.
2. Chukueni ile kamba ya akiba, pitisheni chini ya mnyororo huo kwa pondo, mrudishe ncha juu na kufunga ncha zote mbili kwenye mashua.
3. Teremsheni nanga yenu mita moja hadi mbili. Mnyororo wa jirani sasa umebebwa na kamba, na nanga inadondoka chini yake, huru.
4. Rivasi kidogo, nanga isogee mbali na mnyororo ule.
5. Achieni ncha moja ya kamba, mnyororo wa watu urudi chini.

Onyo: msishike minyororo kwa mikono ili kuinasua, hata mkiwa na glavu. Ikiteleza inaondoka na vidole.

Nanga yenu ikiwa juu, piteni taratibu mbele ya mashua ya jirani mliyemgusa mnyororo, mumwambie. Nanga yake huenda imesogea, na yeye bado yuko kwenye kahawa yake.